Mkuu wa Chuo Yuko Chooni

Mkuu wa Chuo alikuwa mtu wa neno moja. Si kwamba akiahidi hutimiza, la hasha. Neno lenyewe ndilo lilikuwa moja: endelevu. Alilipata kwenye mkutano wa ng'ambo, likamkaa vizuri kama kiatu kipya, na tangu arudi nalo hakulivua hata akilala. Chakula cha kantini kilikuwa lishe endelevu, hata siku ambayo maharage ya jana yaliletwa leo kwa jina jipya. Umeme ukikatika, chuo kilikuwa kinapiga hatua kuelekea matumizi endelevu ya nishati. Walimu walipolalamika kwamba mishahara inachelewa, aliwausia wajifunze subira endelevu. Wanafunzi nao hawakumwonea haya. Mbele yake alikuwa Profesa, akigeuza kisogo akawa Endelevu, na huko mabwenini walimwigiza anavyotembea, kitambi mbele, mikono nyuma.

Kwa hiyo hakuna aliyeshangaa alipoanzisha Kituo cha Biashara Endelevu na Ujasiriamali wa Kijamii. Alikipa chumba kilichokuwa stoo ya viti vibovu. Viti vikahamishiwa madarasani, kuta zikapakwa rangi ya kijani, na juu ya mlango likatundikwa bango refu kuliko chumba chenyewe. Wanafunzi wakaambiwa wabuni biashara zitakazowasaidia watu, zisiichafue dunia, na, hili lilisemwa kwa sauti ya chini, zipendeze kwenye picha.

Wengi walilielewa zaidi sharti la mwisho. Wakashona mikoba ya mifuko ya saruji, wakatengeneza hereni za vizibo vya soda, wakabuni programu ya simu ya kukukumbusha upande mti. Ila wawili walilishika sharti la kwanza, na hapo ndipo kasheshe ilipoanzia. Mmoja alikuwa binti wa uhandisi, mfupi, mkavu wa maneno, aliyeitwa Bisibisi kwa sababu bisibisi ndiyo iliyokuwa pini ya nywele zake. Mwenzake alikuwa kijana wa masomo ya biashara aliyeitwa Spika. Huyu akikunong'oneza siri, jirani wa tatu anaitikia.

Wao walitengeneza choo.

Kilikuwa kisanduku cha mbao chenye mlango na kiti ndani, choo kisichotumia maji. Unakaa, unamaliza haja zako, unamwagia kopo la vumbi la mbao, unaenda zako. Ndoo inabebwa, mzigo unageuzwa mbolea, na mbolea inauzwa kwa wakulima wa maua. Cha kwanza walikwishakiweka kwenye soko la mitumba nyuma ya stendi, na akina mama wa pale walikuwa wakikisifu kama mkwe mpya. Cha pili ndicho walichokileta kwenye maonyesho, siku moja kabla ya ujio wa wageni kutoka mfuko wa ufadhili. Mkuu wa Chuo alikuwa anawaomba wageni hao jengo jipya la kituo, ghorofa la vioo, naye alikuja kukagua mambo kwa macho yake. Akakikuta choo kimesimama mlangoni.

"Hiki nini?"

"Choo, Profesa," akajibu Bisibisi.

"Naona ni choo. Nauliza kinafanya nini hapa."

"Kinawangoja wageni," Spika akadakia, na watu wa ghorofa ya pili wakachungulia madirishani.

"Wageni hawaji kunya, kijana. Wanakuja kufadhili."

Naibu wake, bwana mwembamba aliyezaliwa kukubali, akacheka kwa wakati unaofaa. Mkuu akaamuru choo kipelekwe nyuma ya jengo, kwenye tangi la maji, na nafasi yake ijazwe na hereni.

"Kule ardhi imeinama, Profesa," Bisibisi alisema. "Kisanduku kikikaa upande, fremu itapinda na mlango utakwama."

"Binti, uendelevu ni kuzoea mazingira."

Wakakiburuta. Walikuwa wanafunzi, wangefanya nini?

Kesho yake wageni walifika asubuhi, wakiongozwa na mwenyekiti wao, bibi mmoja mfupi mwenye raba miguuni na miwani iliyofungwa kwa kamba. Walikuja na mtindi wa kikundi kimoja cha wafugaji wanachokifadhili. Mkuu wa Chuo na maziwa hawakuwahi kupatana tangu utotoni, na tumbo lake lilimkumbusha hivyo kabla hajagusa glasi. Lakini ghorofa la vioo ni ghorofa la vioo. Akanywa glasi ya kwanza kwa heshima, ya pili kwa tamaa, akapangusa masharubu na kusema mtindi huu una ladha endelevu.

Alisema kweli. Wakati Naibu anawaonyesha wageni ukutani picha za ghorofa ambalo halijajengwa, ladha ile iliendelea, ikashuka, ikafika mahali ikaanza kupiga ngoma. Mkuu akanong'ona kwamba anakwenda kupokea simu, ingawa simu yenyewe aliiacha ndani ya koti, na koti kwenye kiti. Akatoka kwa mwendo wa staha. Alipopita kona, staha ikabaki nyuma.

Choo cha utawala kilikuwa kimefungwa kwa kufuli, maji yalikatika tangu jana na mtunza funguo hakujulikana alipo. Cha walimu, vilevile. Cha wanafunzi hakikuwa na mlango, na mbele yake vijana walikuwa wanacheza karata. Hapo Mkuu wa Chuo, daktari wa falsafa, mwandishi wa vitabu ambavyo wanafunzi walilazimishwa kuvinunua, akakumbuka nyuma ya jengo.

Kwa haki ya Mungu, kilikuwa choo kizuri. Kilinukia karakana ya seremala. Kiti kilikuwa laini, kopo liko mkononi, na mwanga uliingia juu kwa kiasi chake. Mkuu alikaa mle kwa raha ambayo ofisi yake haijampa miaka mingi. Alipomaliza akamwagia vumbi la mbao, mara ya kwanza kwa kufuata maelekezo, mara ya pili kwa kuwaonea huruma watakaofuata. Akafunga mkanda. Akasukuma mlango.

Mlango haukwenda popote.

Akasukuma kwa bega. Kisanduku kizima kikayumba, kikalia kwaa, kikataka kuelemea mbele. Mkuu akaganda. Alikumbuka kilichokuwa ndani ya ndoo, nani amekiweka, na ingekuwaje wakianguka pamoja. Akafungua mdomo aite mtu, na papo hapo akasikia sauti nje. Akaufunga.

"Wameanza tena na picha za ghorofa," alikuwa anasema Spika. "Yule mzee ni kama bango la barabarani. Kubwa, linang'aa, ukizunguka nyuma ni mabati na utando wa buibui."

"Punguza sauti," alisema Bisibisi.

"Hii ndiyo niliyopunguza! Kituo gani hiki? Tumeomba chepeo moja tu ya kugeuzia mbolea, tumepewa fulana zenye sura yake."

Mkuu wa Chuo akajishika kidevu. Zile fulana alizichagua mwenyewe. Akaamua kukaa kimya mpaka waondoke, ndipo aite mlinzi, ambaye anaogopa kufukuzwa na atatunza siri. Lakini hawakuondoka. Badala yake ilifika sauti ya tatu, ya mwanamke, nzito na yenye mkwaruzo wa mtu aliyeita wateja maisha yake yote.

"Wanangu, nimefika. Mbona mnaniwekea kiti juani? Nipeni hapa, kwenye kivuli cha choo."

Kiti kikaburutwa, kikaegemezwa kwenye ubao, sentimita chache tu kutoka kwenye sikio la Mkuu wa Chuo. Nywele zake zikamsimama. Sauti ile aliijua kuliko anavyoijua sauti yake. Ilikuwa ya dada yake mkubwa.

Mama yao alipofariki, dada huyu ndiye aliyemlea. Alibeba marobota ya mitumba kichwani ili mdogo wake asome, na mdogo wake alisoma, alisoma mpaka akapitiliza. Walikuwa hawajasemezana tangu harusi ya binti wa Mkuu, ambako meza za mbele zilijaa waheshimiwa na Dada akapangiwa kiti cha nyuma kabisa, ubavuni mwa jenereta. Aliondoka kabla ya chakula, akiwa kiziwi wa sikio moja kwa siku kadhaa. Mkuu aliudhika. Alisema dada yake haelewi itifaki.

"Mama Mitumba," Spika akauliza, "ukiitwa utawaambia nini wageni?"

"Nitawaambia ukweli, utanipunguzia nini? Soko lile lina maelfu ya watu na halikuwa na choo. Wanaume wana ukuta. Sisi je? Tulikuwa hatunywi maji. Unatoka nyumbani alfajiri, unashinda juani na koo kavu kama gunia, kwa kuogopa kubanwa. Mimi nilifanya hivyo mpaka figo zikagoma. Nililazwa."

"Pole sana, Mama. Ndugu walikuja?" aliuliza Bisibisi.

"Ninaye mmoja. Msomi mkubwa sana. Alimtuma dereva na kikapu cha matunda." Dada akacheka bila furaha. "Na kalenda. Kalenda ina picha yake, miezi yote kumi na miwili, kila mwezi tai tofauti. Nilimtazama pale ukutani wodini, nikasema, angalau huyu wa Februari anatabasamu."

Ndani ya choo hakukuwa na mahali pa kujificha zaidi. Mkuu wa Chuo alikumbuka kwamba aliambiwa dada yake anaumwa. Hakuuliza anaumwa nini. Alikuwa na warsha. Akavuta pumzi ndefu, na pamoja na pumzi akavuta vumbi la mbao. Akabana pua. Akabana macho. Akabana kila kinachobanika. Haikusaidia.

Chafya ilitoka mara tatu mfululizo, ya mwisho ikiwa na mluzi.

Nje, Dada akasema polepole, "Watu wenye chafya hii duniani walikuwa wawili. Mmoja tulimzika."

Akainama, mdomo karibu na ubao.

"Kikojozi?"

"Dada," ikatoka sauti ndogo, "tafadhali, sauti."

Spika akaangua kicheko ambacho hata yeye alikiogopa, akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Bisibisi alikuwa amesimama kama msumari.

"Unafanya nini humo?" aliuliza Dada.

"Mlango umekwama."

"Umesikia niliyosema?"

"Nimesikia."

"Na ya kalenda?"

"Na ya kalenda."

"Vizuri. Nilikuwa nawaza nitakwambia vipi na walinzi wako wale, kumbe Mungu ameshakuandalia kiti."

"Kwa nini hukuniambia ni figo, Dada?"

"Ili unitumie kalenda ya mwaka unaofuata?"

Huko ukumbini mtindi ulikuwa umempata mtu wa pili. Mwenyekiti wa wageni alisimama katikati ya picha za ghorofa, akauliza choo kiko wapi. Naibu akasema kuna changamoto ndogo, anatafutwa mwenye ufunguo.

"Mwenye ufunguo anaweza kuchelewa," bibi akasema. "Mimi siwezi."

Mwanafunzi mmoja wa hereni akamwonyesha kidole: nyuma ya jengo, kwenye tangi. Bibi akaondoka na raba zake kwa kasi, msafara mzima ukamfuata, kwa sababu msafara haujui kufanya jambo lingine. Wapiga picha wakakimbia mbele.

Dada alipowaona wanatokeza kona, akainuka na kusimama mbele ya mlango, mikono kiunoni. Mkuu wa Chuo, jicho moja kwenye ufa wa ubao, alianza kusali sala alizoziacha shule ya msingi.

"Kuna mtu," Dada akatangaza.

"Nani?" Naibu akauliza.

Dada aligeuza shingo akautazama mlango. Angeweza kulimaliza jambo lote pale pale, na ingekuwa haki yake. Akamgeukia Naibu.

"Mteja."

"Mwambieni mteja nina haraka," alisema bibi, amekunja magoti kidogo.

Bisibisi akachomoa bisibisi, nywele zikamwangukia mabegani. Akagonga ubao kwa adabu. "Mteja, simama katikati na usiegemee popote. Nang'oa bawaba."

Parafujo zikatoka moja baada ya nyingine, watu wakitazama kama wanaotazama jeneza likifunguliwa. Bisibisi na Spika wakaushika mlango, wakauvuta, ukaja. Na pale ndani, ameloa jasho, nyusi na masharubu yamejaa vumbi la mbao kama mtu aliyezeeka ghafla, alisimama Mkuu wa Chuo.

Kamera zikalia. Naibu, kwa mazoea, akapiga makofi.

"Mabibi na mabwana," Mkuu akaanza, kifua mbele, "kama mnavyoona, nilikuwa katika ukaguzi wa…"

"Wa tumbo," Dada akamalizia.

"Profesa, sogea," bibi akasema. "Unaniziba."

Akasogea. Hapo ndipo wote walipoona tatizo jipya: choo kipo, mlango haupo. Naibu akashauri iundwe kamati ndogo. Spika hakungoja kamati. Alikimbia mbele ya jengo, akaruka, akaling'oa lile bango refu la kituo, akarudi analiburuta. Dada akashika pembe moja. Pembe ya pili ikabaki hewani, kila mheshimiwa akimtazama mwenzake, mpaka Mkuu wa Chuo akanyoosha mkono akaishika.

Basi wakasimama hivyo, kaka na dada, wameligeuzia pazia hilo migongo, na maneno Biashara Endelevu na Ujasiriamali wa Kijamii yamenyooka kati yao kwa herufi za kijani. Msafara uligeukia tangi la maji na kulichunguza kwa makini sana. Nyuma ya bango, bibi aliimba wimbo wa kanisani kwa nguvu, ubeti mzima na kiitikio, na kila mtu alielewa kwa nini.

"Mkono wako unashuka," Dada alinong'ona.

"Bango zito."

"Hujawahi kubeba robota wewe."

Bibi alitoka amenyooka, uso umekunjuka. Akaangalia kopo, akaangalia ndoo, akamuuliza Bisibisi maswali mengi, na Bisibisi akayajibu kwa maneno machache. Akamuuliza Dada habari za soko, na Dada akamweleza yote, figo na kuta za wanaume, bila kumtaja ndugu yake. Kisha bibi akamgeukia Mkuu.

"Tangu asubuhi hiki ndicho kitu pekee nilichoonyeshwa kinachofanya kazi. Na hata hiki sikuonyeshwa, nimekitafuta mwenyewe. Nani aliyekificha huku?"

Naibu akawatazama wanafunzi, tayari kuwatwisha. Mkuu akajipangusa masharubu.

"Mimi," alisema. "Nilikionea aibu."

Naibu alisubiri lile neno lifuate. Halikufuata.

Ghorofa la vioo halikujengwa. Mfuko ule ulikubali kugharamia vyoo vya soko lote na stendi, kazi wakipewa Bisibisi na Spika wenyewe, na Bisibisi akaweka sharti moja: yeye ndiye atakayechagua ardhi. Picha za Mkuu wa Chuo mwenye nyusi za mbao zilizunguka kwenye simu za watu mpaka zikamfikia mkewe, aliyecheka chumbani peke yake na kutoka na uso wa huzuni. Wanafunzi wakamwongezea herufi na kumpunguzia nyingine, akawa Mkuu wa Choo. Mwanzoni alitishia kuwafukuza. Baadaye ukimwita hivyo kwa mbali aligeuka na kupunga mkono, na walioita wakakosa raha.

Jumamosi moja alikwenda sokoni, bila dereva. Alizunguka kwenye vichochoro vya nguo, akakanyaga matope, akamkuta Dada juu ya robota lililofunguliwa anachambua sketi.

"Dada, nimekuja ili tutafakari kwa pamoja namna ya kurejesha mahusiano ambayo kwa bahati mbaya…"

"Sema Kiswahili."

"Samahani, Dada. Nilikukosea."

Dada akaendelea kuchambua. Sketi mbili nzuri, moja mbovu, moja nzuri. "Haya," alisema mwishowe, na sauti yake ilikuwa na unyevu kidogo. "Shika hanga hizi. Naenda kunywa chai. Mtu akija, muuzie."

Akaenda. Mkuu wa Chuo akabaki na hanga mkononi, kati ya muuza viatu na muuza mapazia. Akaja msichana, akashika koti jekundu, akauliza bei. Mkuu akakohoa. Alimweleza kwamba koti hili ni kielelezo cha uchumi wa mzunguko, kwamba nguo moja hutumia maji mengi sana kutengenezwa, na kwamba kwa kuivaa upya atakuwa mshiriki wa mapinduzi ya kimya. Msichana akalirudisha koti taratibu, kama anavyorudisha mtu kitu alichokikuta kina mmiliki kichaa, akaondoka.

Dada akarudi na kikombe mkononi. "Umeuza?"

"Nimemwelimisha."

Muuza viatu akalala juu ya viatu vyake kwa kicheko. Dada alijitahidi kukunja uso, ukamshinda. Akakaa juu ya robota, chai ikamwagika, akacheka mpaka akashika mbavu, naye Mkuu akacheka, kwanza kwa aibu, halafu kwa kweli.

"Haya, msomi," Dada alisema akijifuta macho kwa mkono wa shati la mitumba. "Simama juu ya hilo benchi. Koti jekundu, bei poa, njoo ujaribu. Basi. Ukiongeza neno lolote, nakutupa."

Mkuu wa Chuo akalitazama benchi. Akavua viatu, akapanda, akalinyanyua koti juu ya vichwa vya watu, akavuta pumzi.